Kichwa cha Awino na Mikono Iliyokigusa

Mama mwenyekiti, wachungaji mlioketi hapa mbele, mama zangu na dada zangu mliovuka maji kuja Mbita leo, nawasalimu. Nimeambiwa nina nusu saa. Nimeambiwa pia nitoe ushuhuda wa kuwatia watu moyo. Nusu saa nitaishika. Hiyo ya kutia moyo nitajaribu, lakini sitaki kuwadanganya. Nikikumbuka yaliyompata mtoto wangu, kitu cha kwanza kinachonijia si furaha. Ni kinyaa. Kinanipanda hapa kooni kama mtu aliyemeza matumbo ya samaki. Miaka mitatu imepita na bado kinanipanda, kwa hivyo mtanivumilia.

Jambo lingine. Sitataja jina la mtu yeyote isipokuwa la binti yangu Awino, kwa sababu yeye hana la kuficha. Wengine nitakaowasema, baadhi yao wako humu ndani. Naona kilemba kimoja kule nyuma ninachokijua vizuri sana. Usiondoke, dada. Kaa tu. Sitakutaja.

Mimi ni mtu wa Karungu. Kazi yangu ni omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, nanunua zikitoka majini, naanika, nauza. Mume wangu ni fundi wa injini za mashua, wakati mwingine kazi iko kwetu, wakati mwingine iko kisiwani Remba. Tulikuwa na wavulana wawili wenye afya, ndipo nikapata Awino. Alizaliwa na kitovu kimemzunguka shingo, na kwetu ndiyo maana ya jina hilo, lakini alilia vizuri, akanyonya vizuri, akanikojolea vizuri. Sikuwa na shida naye.

Alipofika miezi minne, kofia za kaka zake zilikataa kumwingia. Hizo ni kofia walizovaa wakiwa na mwaka mzima. Nikasema labda zimerudi kwa kufuliwa. Kisha nikaona ngozi ya kichwa inang'aa kama imepakwa mafuta, na mishipa imetokeza kama mizizi. Utosi, pale juu panapopiga, ulikuwa umefura na hausinyai hata akiwa ameketishwa wima. Na macho. Mboni zilishuka chini, weupe ukabaki juu, kama mtu anayejaribu kutazama kidevu chake mwenyewe. Kila asubuhi alitapika. Si kucheua, wamama mnaelewa tofauti. Alitapika kwa nguvu, yakaruka mpaka kwenye blanketi.

Nilimpeleka kliniki. Ndugu zangu, nawaambia, nilimpeleka kila mwezi, na kitabu chake ninacho hapa kwenye mkoba na mihuri yake yote. Zahanati yenyewe siitaji. Walimpima uzani. Walimdunga chanjo. Kichwa hakikupimwa hata mara moja. Tepu ya kupimia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari kando ya kalenda, imeshika vumbi. Nilipomwambia sista kwamba mtoto anatapika kila asubuhi na macho yake yameshuka, alimtazama kutoka pale alipokuwa ameketi, akasema amechukua kichwa cha babake. Akamwambia mwenzake kitu kwa sauti ya chini na wote wawili wakacheka. Akaniandikia dawa ya malaria. Mwezi uliofuata akaniandikia tena dawa ya malaria. Nikawa namnywesha mtoto dawa chungu anaitapika kifuani mwangu, kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Ile harufu ya dawa iliyochanganyika na maziwa mpaka leo nikiisikia kwa mtoto wa mtu mwingine, natoka nje.

Nyumbani mama mkwe wangu alisema ni chira. Nyinyi mliotoka upande wa mpakani, ambao si Wajaluo, chira ni ile laana inayomwangukia mtu aliyevunja mwiko wa ukoo. Kosa letu lilikuwa kwamba mume wangu alijenga nyumba kabla ya kaka yake mkubwa. Nyumba ilijengwa miaka tisa kabla ya Awino kuzaliwa, na wale wavulana wawili hawakuguswa na chira yoyote, lakini hakuna aliyetaka kusikia hesabu yangu. Tulitumwa kwa mganga.

Sasa sikilizeni, na kama mnakula njugu wekeni chini kidogo. Yule mtu alitoa wembe kwenye mfuko wa shati. Ulikuwa na kutu ukingoni, na katikati ya ile kutu kulikuwa na unywele umenata. Unywele wa mtu mwingine. Niliuona. Akamchanja mtoto wangu kichwani, mistari kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kisha akapaka majivu aliyokuwa ameyachanganya na mafuta ya kuku yaliyoharibika. Alikuwa akitafuna kitu wakati wote huo, na vipande vilikuwa vikimdondoka mdomoni. Awino alifurukuta, mganga akaniambia nimshike. Nikamshika. Mikono iliyomshika mtoto ili akatwe ni hii hapa. Siwezi kumchukia mganga peke yake nikaiacha hii.

Vile vidonda vilitunga usaha. Nikawa namfunika na shuka kila mahali, kwa sababu ya nzi, na kwa sababu ya watu. Lakini siku moja sokoni dada mmoja akaniambia mtoto atakosa hewa, hebu anisaidie kumfunua. Akafunua shuka. Kumbe mkono wa pili una simu. Alimpiga picha binti yangu akiwa na usaha kichwani na mboni zimezama, na kabla sijafika nyumbani ile picha ilikuwa imeshaingia kwenye vikundi vya simu, na maneno chini yake: tumwombee mtoto huyu, tuma kwa watu kumi, ukikataa jambo hili litakupata. Watu wakaanza kuja. Walikuja na matunda, waliketi, waliuliza habari, na macho yao hayakunitazama mimi hata kidogo. Mmoja alitoka Remba kwa boti. Alipomwona akasema kwenye picha alionekana mkubwa zaidi. Alisema hivyo kama mtu aliyeuziwa kitu kidogo.

Mume wangu alianza kuchelewa Remba. Kwanza siku tatu, kisha wiki, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mafundi wenzake waliniambia injini ni nyingi msimu huu. Hakukuwa na injini nyingi. Yeye ameniruhusu niyaseme haya leo, amesema niseme yote, na mimi nayasema.

Basi nikabaki na mama mkwe, na tukasikia habari za mhubiri mmoja mwanamke ambaye watu wanamwita nabii, anaweka hema uwanjani. Tukaenda. Aliponiona kwenye umati alinyoosha kidole, nikaletwa mbele. Alimvua Awino kofia yeye mwenyewe, akamwinua juu ili wa nyuma waone. Watu wakasema uuui. Kisha akamweka kiganja juu ya utosi, pale pale palipofura, akaanza kukandamiza. Alikandamiza, jamani. Alisema anamsukuma pepo wa ziwa atoke. Mtoto akarusha matapishi, yakamwangukia kiatuni. Kilikuwa kiatu cheupe. Yule mwanamke akatazama kiatu chake, akavuta shuka la mtoto wangu akakipangusa nalo, taratibu, mpaka kikang'aa. Halafu akanirudishia shuka na kuendelea na maombi.

Nililibeba lile shuka mpaka nyumbani. Sikulifua. Nilichimba shimo nyuma ya choo nikalifukia.

Mama zangu, nimewasema wengine, sasa nijiseme. Kufikia wakati huo, mimi mwenyewe nilikuwa namwonea Awino kinyaa. Ndiyo, mtoto niliyemzaa. Nilimnyonyesha nikiwa nimegeuza uso. Nilikuwa namuosha kuanzia shingo kwenda chini. Niliomba afe, na niliomba kwa maneno mazuri kabisa, kwamba Mungu ampumzishe, lakini nilichotaka ni kupumzika mimi.

Asubuhi moja nilikuwa ufukoni natandaza omena kwenye nyavu za kuanikia. Nilimlaza Awino juu ya gunia kivulini mwa mashua iliyoharibika. Kulikuwa na boti inapakia watu wa Mbita, na nikaanza kutembea kuielekea. Sikuwa na mkoba, sikuwa na viatu. Sikujiambia kwamba ninaondoka. Nilitembea tu, na kila hatua nilijisikia mwepesi, na huo wepesi ndio unaonitia aibu mpaka leo. Nilifika mahali maji yananigusa magoti. Nikageuka mara moja. Mnawajua wale korongo wenye upara wanaokula matumbo ya samaki ufukoni, wale warefu wenye mfuko mwekundu shingoni. Mmoja alikuwa amesimama kando ya gunia. Alikuwa amelaza kichwa upande mmoja, anamkagua mtoto, kama mnunuzi anavyokagua samaki wa mbuta kama bado ni mbichi.

Nilikimbia, sijui nilipiga kelele gani. Nilipofika, yule ndege alisogea hatua mbili tu. Hakuniogopa. Nikamwinua Awino, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikakiweka kichwa chake shavuni pangu. Kilikuwa cha moto na kizito. Nikakaa pale mchangani nikatapika.

Mama mmoja anayeuza mandazi karibu na mnada wa samaki aliona yote. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, lakini kwetu tulimjua kwa mandazi. Alikuja akaketi kando yangu. Hakuniuliza nilikuwa naenda wapi, na mpaka leo hajauliza. Alimwangalia mtoto muda mrefu, akatoa tepu kwenye mfuko wa aproni, akanawa mikono kwa maji yake ya chupa, kisha akaizungusha ile tepu kichwani, juu kidogo ya nyusi na nyuma pale panapotokeza. Akaandika. Akarudia, akaandika tena. Kwenye kitabu cha kliniki kuna mchoro wenye mistari iliyopinda, wa kufuatia jinsi kichwa kinavyokua. Wa Awino ulikuwa mtupu. Aliweka nukta, na ile nukta ilikaa nje ya mistari yote, karibu imalize karatasi.

Akasema, "Haya ni maji yamejaa ndani. Si laana. Kesho tunaenda hospitali, mimi na wewe."

Tulienda. Sitawachosha na safari zote, na habari ya pesa nimeiacha nyumbani. Kifupi ni kwamba hospitali moja, ambayo nayo siitaji, ilimpiga picha ya haraka kupitia utosini, ikaona maji mengi, ikamwekea mrija. Mrija huo unapita chini ya ngozi, kutoka kichwani kupitia shingoni mpaka tumboni, ili maji ya kichwani yamwagikie tumboni na mwili uyanywe. Hakuna aliyeuliza kwa nini maji ni mengi. Waliona maji, wakayatoa. Kichwa kilianza kulegea, macho yakapanda. Awino akanitazama usoni, na mimi nikamwona mtoto wangu. Tulirudi Karungu tukiimba.

Haikupita miezi miwili, tumbo likaanza kufura.

Lilifura mpaka kitovu kikatokeza nje kama kidole. Ukimgonga upande mmoja maji yanatikisika upande wa pili. Na mnajua majirani walisema nini? Walisema pepo amehama. Ametoka kichwani amehamia tumboni. Nilimpeleka kwa mwenye duka la dawa mmoja anayejiita daktari, akasema ni minyoo. Alimpa dawa ya minyoo mara tatu, na kila mara alikuwa anabonyeza simu yake wakati ananieleza. Mtoto wa miezi tisa ambaye hajaonja hata uji vizuri, minyoo ya kujaza tumbo lile ingetoka wapi? Sikuuliza. Nilikuwa bado sijajifunza kuuliza.

Yule mama wa mandazi ndiye aliyekataa. Alitupandisha gari mpaka Migori, kwa sababu alisikia kuna daktari mpya wa watoto. Tulimkuta binti mdogo tu, nikamdhania ni mwanafunzi. Lakini alimvua mtoto nguo zote, akamgusa kila mahali, kichwa, shingo pale mrija unapopita, tumbo. Alipasha mikono yake joto kwanza. Nililiona hilo. Kisha akaanza kuniuliza, na mambo mengine alikuwa anajiuliza mwenyewe. Mrija unafanya kazi, alisema, maji yanashuka. Kwa kawaida tumbo linayanywa yote. Hili limeshindwa. Sasa ama tumbo lina ugonjwa, ama maji ni mengi kuliko tumbo lolote linavyoweza kunywa. Alivuta maji kidogo kwa sindano, yakatoka meupe kabisa kama ya mvua, na vipimo vikaonyesha tumbo halina ugonjwa wowote.

Akasema, "Mama, swali si maji yanaenda wapi. Swali ni nani anayatengeneza."

Ndugu zangu, miezi yote hiyo, watu wote hao, na hilo ndilo swali la kwanza la maana lililoulizwa juu ya mtoto wangu.

Alitutuma Homa Bay tukapigwe picha katika ile mashine ya mviringo, na akasisitiza mtoto adungwe ile dawa inayong'arisha picha. Tuliporudi nayo aliiweka kwenye mwanga. Alinieleza kwamba ndani ya ubongo kuna vyumba, na kwenye kuta za vyumba hivyo kuna vishada vidogo laini ambavyo kazi yao ni kutengeneza maji yanayouosha ubongo. Kila mmoja wetu anavyo. Kwa Awino, kishada kimoja kilikuwa kimeota uvimbe, na uvimbe wenyewe ulifanya kazi ile ile ya kishada, ila bila kipimo. Kutwa kucha ulitengeneza maji. Nikauona pale pichani, mweupe, una vinundu vinundu kama kichwa cha mtama. Aliniandikia jina lake kwenye karatasi: uvimbe wa koroidi pleksasi. Aliniambia ni nadra sana, kwamba tangu aanze kusoma udaktari alikuwa amemwona mtoto mwingine mmoja tu mwenye kitu hicho, na wengi wa wenzake hawatauona maisha yao yote.

Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa. Nilimuuliza ni nani kati yetu aliyeuleta.

Aliweka ile picha chini, akanishika mkono. "Si wewe. Si baba yake. Si mtu yeyote wa nyumbani kwenu, aliye hai wala aliyekufa. Uliota tu."

Sikulia. Nilihisi kinyaa kikinipanda tena, lakini safari hii kilikuwa na mahali pa kwenda. Niliukumbuka ule wembe. Nilikikumbuka kile kiganja kikikandamiza utosi juu ya uvimbe, watu wakisema amina.

Tulipelekwa hospitali ya rufaa, mbali na huku, na daktari wa upasuaji wa ubongo akatueleza bila kutuficha. Alisema ule uvimbe unakunywa damu, mtoto mdogo damu yake yote ni kikombe kikubwa tu, na anaweza kutufia mezani. Akasema pia kwamba hata ukitoka, hatutajua ni wa aina gani mpaka uchunguzwe maabara. Kuna unaokaa mahali pamoja, ukitolewa umekwisha. Na kuna saratani, ambayo hutawanyika kwa yale yale maji.

Damu ilihitajika. Mama wa mandazi alipiga simu Remba. Sijui alisema nini, lakini kesho yake walishuka mafundi na wavuvi kumi na mmoja, wananuka petroli na samaki, wakapanga foleni, na wa mwisho kwenye foleni alikuwa mume wangu. Nilimtazama akipigwa sindano. Sikumsalimu. Baadaye alikuja wodini, akasimama mlangoni, akaniambia, "Nilikuwa naogopa kumwangalia."

Nikamwambia, "Mimi pia. Ingia."

Hayo ndiyo tuliyosema siku hiyo. Nimemsamehe, lakini dada zangu, msidanganywe kwamba msamaha unakuja na hamu ya kula sahani moja na mtu. Huko kulichukua muda wake.

Alipasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza damu ilitoka sana, wakasimamisha, wakamfunga na uvimbe nusu ndani. Nilimwona amevimba uso, amefungwa bendeji, na mguu mmoja unajirusha wenyewe. Tulingoja wiki mbili apate nguvu. Katika wiki hizo mama mkwe wangu alikuja. Alikuja na beseni. Bendeji zilipobadilishwa, alimwomba muuguzi amwonyeshe asipopaswa kugusa, kisha akamsafisha mjukuu wake shingo na nyuma ya masikio, polepole, na alipofika kwenye alama za wembe mkono wake ukasimama. Akasema kwa Dholuo kwamba yeye ndiye aliyetutuma kule. Nikamwambia mimi ndiye niliyemshika mtoto. Akaendelea kuosha. Kati ya wote waliotukosea, ni yeye peke yake aliyewahi kulisema kosa lake kwa mdomo wake.

Mara ya pili daktari aliutoa wote. Tumbo lilisinyaa ndani ya wiki moja, sikuamini, likawa kama mfuko mtupu. Kisha tukangoja majibu ya maabara. Huko kungoja sitawaeleza. Daktari alipotuita alianza na jibu lenyewe, hakutuzungusha. Si saratani. Ni ule wa kukaa mahali pamoja, na umetoka.

Sasa mtadhani ushuhuda umefika mwisho. Haujafika, kuna uchafu mmoja umebaki.

Tulipokuwa tumekaa nyumbani mwaka mzima, Awino ameanza kukaa na kusimama, nikasikia spika inapita barabarani. Yule nabii wa kiatu cheupe alikuwa amerudi, na kwenye bango lake kulikuwa na picha mbili za binti yangu. Moja ni ile ya sokoni, ya usaha. Nyingine alipigwa juzi juzi kwenye mgongo wangu, bila mimi kujua, akiwa anacheka. Katikati wameandika: pepo wa ziwa ameshindwa. Akanitumia watu wawili na mwaliko nije hemani nitoe ushuhuda. Nilikwenda. Nilipewa kipaza sauti. Nikasema mtoto huyu aliponywa na daktari aliyeuliza swali, na daktari aliyeshika kisu, na damu ya wavuvi wa Remba, na kama Mungu alikuwa kazini, alifanya kazi kupitia hao. Nikasema huyu mama alimkandamiza mtoto wangu kichwani penye uvimbe, na kiatu chake akakipangusa kwa shuka la mtoto. Spika ikazimwa. Nikayarudia bila spika. Sauti ya mwanamke anayeuza omena mnaijua, haihitaji umeme. Kisha nikatembea mpaka kwenye bango, nikalichana, na hakuna aliyenizuia.

Asante, msipige makofi. Wengine wenu mlikuwa kwenye lile hema mara ya kwanza, na mlisema amina.

Nawashukuru walionisaidia. Mama wa mandazi, unajijua. Daktari wa Migori aliyepasha mikono joto, na daktari mpasuaji aliyetuambia ukweli kabla ya kisu. Wale watu kumi na mmoja, na huyo wa mwisho kwenye foleni. Mama mkwe wangu.

Na mkiniuliza nimejifunza nini, ni hiki. Mtoto akikua kichwa kuliko mwili, utosi ukafura, macho yakashuka, akatapika asubuhi, usimfunike. Mfunue mbele ya mtu anayeweza kupima, na asipopima, kaa hapo kwenye benchi mpaka apime. Akipata tiba ya kwanza na kitu kingine kikaharibika, rudi. Uliza kwa nini. Uliza tena. Mimi niliona haya kuuliza, na haya yangu yalimgharimu mtoto miezi mingi ambayo hatarudishiwa. Na ukiona mtoto wa mwenzako amepungukiwa au amezidi, weka simu yako mfukoni.

Awino ana miaka minne sasa. Anatembea ametanua miguu, kama mtu aliye ndani ya mashua. Jicho la kushoto linaingia ndani kidogo. Maneno yake yalichelewa na bado yanachelewa. Mrija madaktari waliuacha, na kila baada ya muda tunarudi kupigwa picha. Kichwa ni kikubwa kidogo, na alama za wembe zinaonekana kwa sababu nywele hazikuota pale. Simvishi kofia.

Yuko nje na babake, na mara nyingi huwa hawezi kuningoja, kwa hivyo anaweza kuingia hapa sasa hivi. Akiingia, nawaomba msimwombee. Msimwekee mkono. Muulizeni jina lake. Atawaambia mwenyewe, ila atachukua muda. Mngojeni amalize.